Kitambaa Cheusi juu ya Shati Nyeupe
(Nguo za masomo na neno la mtoto)



Katika kijitabu cha shirika letu tumezoea kuandika juu ya ndoa, juu ya kilio, juu ya majina ambayo bankambo walituachia. Mara hii tunaleta jambo ambalo wengine watasema si la mila, ni la prefe wa masomo na la Leta: mtoto avae nini masomoni, na je, anaruhusiwa kusema anachofikiri kwa njia ya kile anachokivaa? Tunalileta sababu lilitufikia sisi wenyewe, na tuliliamua vibaya.

Lilikuwa hivi. Mwalimu mmoja wa hesabu, kwenye masomo ya sekondari ambayo watoto wetu wengi wanasoma, aliugua. Mshahara wake ulikuwa umechelewa, dawa zikakosa mtu wa kuzilipa, na kisha wiki chache akafa. Kesho yake ya maziko, wanafunzi wapata ishirini wa madarasa ya juu walifika na nguo zao za kila siku, shati nyeupe na suruali ao jipe ya blu, lakini wote walikuwa wamebandika kwa pini kipande kidogo cha kitambaa cheusi kwenye mkono wa kushoto. Hawakuimba, hawakuandika kitu ubaoni, hawakukataa kuingia darasani. Prefe aliwasimamisha mlangoni: "Hapa ni ku masomo, hapana politike. Mutoe ile vitambaa." Wengi walitoa. Wanne walikataa. Wakarudishwa nyumbani siku tatu, na alama zao za mwenendo zikakatwa.

Komite ya wazazi iliitwa, na watatu kati yetu ni watu wa komite hiyo. Tulisoma kanuni ya masomo: nguo ni blu na nyeupe, bila kitu kingine juu yake. Tukaona prefe ana haki, tukatia mkono kwenye barua. Kabla ya kumaliza, msichana mmoja kati ya wale wanne aliulizwa kama ana neno. Alisema kwa sauti ya chini, macho yake yakitazama sakafu: "Tata, ile kitambaa haikukuwa politike. Ilikuwa kilio." Mmoja wetu akamkata: "Mutoto habishani na wakubwa." Maneno yakaishia pale.

Jioni tulipokuwa tunatoka, mama mmoja wa shirika, mwenye umri kupita wengi wetu, alituuliza: "Na kama angefika na kichwa ya kunyolewa juu ya kilio ya baba yake, mungemufukuza?" Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza. Kurasa hizi ni jibu la swali lake, limechelewa.

1. Nguo inasema, na sisi tunajua

Tungekuwa watu wa nchi nyingine, labda tungeweza kudai kwamba nguo ni kitu cha kufunika mwili tu. Hapa kwetu hatuwezi. Mama anaponunua kikwembe sokoni, anauliza jina lake, sababu kikwembe kina jina, na jina lile ni neno ambalo atalipeleka kwa mume, kwa mke mwenzake ao kwa jirani aliyemsengenya, bila kufungua kinywa. Ndugu zetu wa pwani wamefika mbali zaidi, wanaandika neno zima kwenye kanga. Tunapoona wanawake wa familia moja wamevaa kikwembe cha namna moja, tunajua kuna ndoa ao kuna kilio, na tunajua ni nani wa ndani na nani mgeni.

Kwa Walega, katika Bwami, kofia ya mtu inaonyesha cheo alichofikia, na kila kitu kinachoonyeshwa kwa wanaofundishwa kina methali zake. Anayekitazama bila kujua methali, hajaona kitu. Serikali ya Wabelgiji iliielewa nguvu hiyo vizuri, ndiyo maana mwaka 1948 iliikataza Bwami. Hakuna mtu anayekataza kofia isiyosema kitu.

Kisha uhuru, jambo hilo lilirudi kwa njia nyingine. Wale kati yetu tuliokuwa wanafunzi katika miaka ya 1970 tunaikumbuka Authenticité. Nchi ilibadilishwa jina mwezi wa kumi 1971, na mwaka uliofuata majina ya Kizungu yakakatazwa. Mwanaume hakuwa tena na ruhusa ya kuvaa kostimu na kravati, alivaa abakosti. Mwanamke alikatazwa suruali na nywele za bandia. Kravati ilikuwa inasema neno ambalo mkubwa wa nchi hakulitaka, na abakosti ilikuwa inasema neno lake yeye. Ndiyo maana tarehe 24 Aprili 1990, pale N'Sele, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, katika hotuba ileile aliwarudishia watu ruhusa ya kravati. Uhuru wa chama na uhuru wa shingo vilitangazwa siku moja.

Basi, tulipoambiwa kwamba kitambaa cheusi ni uchafu tu juu ya shati, tulipaswa kuwa watu wa mwisho kukubali. Sisi wenyewe tuliishi katika nchi ambamo shingo ya mtu ilikuwa jambo la Leta.

2. Kwa nini tunaitetea nguo moja

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatuandiki hapa kuomba blu na nyeupe iondolewe. Tunaitetea, na tuna sababu mbili.

Ya kwanza ni umaskini. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mwenye kuuza makala kando ya barabara wanakaa kwenye benchi moja. Kama kila mmoja angekuja na nguo za kwao, yule wa makala angehesabu kila asubuhi kile asichokuwa nacho. Shati nyeupe inamfichia aibu ile, walau kwa masaa sita.

Ya pili ni nzito zaidi. Wale kati yetu waliokuwa Likasi na Kolwezi katika miaka ya 1992 na 1993 waliona namna watu wenye asili ya Kasai walivyofukuzwa, wakakaa kwenye magari-moshi na kwenye stesheni pamoja na watoto wao. Walimu waliondoka katikati ya mwaka, madarasa yakabaki na nafasi wazi. Wakati kama ule, alama ndogo kwenye shati, rangi ya kikundi fulani, neno fulani la kumwita jirani mgeni, haiwi tena mawazo ya mtu mmoja, inakuwa jiwe. Masomo yanayokataza alama ya namna hiyo yanamlinda mtoto, na hatutakubali mtu atuambie kwamba uhuru wa kusema unadai iruhusiwe.

Lakini haki inadai tuseme na upande wa pili. Nguo ileile inayomfichia maskini aibu, mara nyingi inamfungia mlango. Toka Septemba 2019 masomo ya msingi ya Leta yametangazwa kuwa ya bure, na hilo ni jambo kubwa. Lakini shati, viatu na daftari zimebaki juu ya mzazi. Mtoto anayerudishwa nyumbani sababu viatu vyake ni makambo ya plastiki ao shati yake imegeuka rangi ya udongo, hakufanya kosa lolote la mwenendo. Yeye anaadhibiwa kwa kanuni iliyowekwa kwa ajili yake. Tukisema tunaipenda nguo moja juu ya maskini, basi maskini asiwe wa kwanza kufukuzwa nayo.

Tunachokitafuta ni hiki: kanuni ya nguo inayotusaidia kukaa pamoja, inaanzia wapi kuwa kanuni ya kufunga kinywa?

3. Watoto wa Des Moines

Kisha siku ile, kijana mmoja wa shirika aliyesomea sheria alituambia kwamba jambo kama letu, karibu sawasawa, lilikwisha kufika mbele ya waamuzi huko Marekani. Tulimwomba atueleze, na tunaliandika hapa kwa wasiolijua.

Mwezi wa kumi na mbili 1965, katika mji wa Des Moines, jimbo la Iowa, wanafunzi wachache walikubaliana kuvaa kitambaa cheusi mkononi. Walitaka kuwalilia waliokufa katika vita vya Vietnam na kuomba vita visimamishwe. Wakubwa wa masomo walipata habari mapema, na siku mbili mbele wakaweka kanuni ya kukataza kitambaa hicho. Watoto wakakivaa hata hivyo. Mary Beth Tinker alikuwa na miaka 13, ndugu yake John miaka 15, na mwenzao Christopher Eckhardt miaka 16. Wanafunzi watano wakarudishwa nyumbani, kati ya wapata 18,000 wa masomo ya mji ule.

Wazazi wao walishitaki. Kesi ilipanda mpaka Korti Kuu ya Marekani, na tarehe 24 Februari 1969 waamuzi saba waliwapa watoto haki, wawili wakakataa. Mwamuzi Abe Fortas, aliyeandika kwa niaba ya wengi, alieleza kwamba mwanafunzi ao mwalimu haachi haki yake ya kusema nje ya mlango wa masomo. Wakubwa wa masomo wanaweza kukataza neno ao alama ikiwa inavuruga kweli kazi ya masomo ao inavunja haki ya wengine. Kuogopa tu kwamba labda kelele itatokea, ao kutopenda mawazo ya mtu, hakutoshi.

Mambo mawili katika hukumu ile yalitugusa. Kwanza, Fortas alisema wazi kwamba kesi haihusu urefu wa jipe, namna ya nguo ao namna ya nywele. Maana yake, alitenganisha kanuni ya kawaida ya mavazi na kukataza neno. Pili, korti iliona kwamba masomo yale yalikuwa yakiwaachilia wanafunzi wengine wavae alama za politike, hata msalaba wa chuma ambao watu waliuhusisha na Wanazi. Kilichokatazwa kilikuwa kitambaa kimoja tu, juu ya vita kimoja.

Hapo tulijitazama. Je, masomo ya kwetu hayaruhusu kitu chochote juu ya blu na nyeupe? Tarehe 30 Aprili, siku ya walimu, tuliwaona wanafunzi wakiwa na utepe na maua vifuani. Mgeni mkubwa alipokuja, waliambiwa wavae kofia zenye picha yake, na sisi wazazi tulipiga makofi. Kanuni yetu ya "bila kitu kingine" ililala usingizi kila mara kitu kile kiliposifu, ikaamka siku kilipolia.

Lazima tuseme pia kwamba mmoja wa waamuzi waliokataa, Hugo Black, alikuwa mtu aliyejulikana kwa kuutetea uhuru wa kusema. Yeye aliogopa kwamba hukumu ile itawafanya watoto wawatawale walimu wao. Woga wake si wa bure, mzazi yeyote anaujua. Na Korti ileile baadaye iliweka mipaka: mwaka 1986 ilikubali masomo yamwadhibu mwanafunzi aliyesema maneno machafu mbele ya wenzake, na mwaka 1988 ilikubali mkubwa wa masomo atoe makala katika gazeti la masomo kama ana sababu ya mafundisho. Uhuru wa mwanafunzi si shamba lisilo na mpaka. Lakini ni shamba, na lina mwenyewe.

4. Puani mwa msichana wa Durban

Mtu atasema: hayo ni ya Wazungu. Tushuke basi katika Afrika.

Mwaka 2004, huko Durban, Afrika ya Kusini, msichana mmoja wa asili ya Kihindi, Sunali Pillay, alitoboa pua na kuvaa kipini kidogo cha dhahabu. Masomo yake, Durban Girls' High School, yalikuwa na kanuni: hereni ndogo moja kwa kila sikio, basi. Mkubwa wa masomo akataka kipini kitolewe kidonda kikipona. Mama yake akaandika barua kueleza kwamba katika familia yao, zenye asili ya Wahindi wa kusini, msichana anapofika umri wa kuwa mwanamke anatiwa kipini, na kwamba akitimiza miaka 16 nkambo yake wa kike atakitoa kile cha dhahabu na kumtia cha almasi, ikiwa ni baraka. Masomo hayakukubali.

Kesi ilifika Korti ya Katiba, na tarehe 5 Oktoba 2007 Mwamuzi Mkuu Pius Langa aliandika hukumu iliyompa msichana haki. Masomo yalikuwa yamesema: kipini hiki si amri ya dini, ni hiari tu, anaweza kukitoa akiwa masomoni. Langa alijibu kwamba mambo ya dini na ya mila ambayo mtu anayachagua kwa hiari nayo yanalindwa, sababu ni sehemu ya nafsi yake. Hakuikataa nguo moja. Alisema inasaidia. Lakini kumruhusu mtoto mmoja kipini cha nkambo wake hakuvunji nidhamu ya masomo mazima. Korti ikaamuru kanuni ya masomo irekebishwe, na irekebishwe kwa kuzungumza pamoja na wanafunzi, wazazi na walimu.

Kwa shirika kama letu, linalojisifu kulinda mila, hukumu ile ni kioo. Kila mwaka tunalalamika kwamba vijana wamesahau kilio cha bankambo, hawajui kuomboleza, wanacheza muziki mbele ya maiti. Halafu vijana ishirini wanamwombolezea mwalimu wao kwa heshima, kimya, kwa alama ambayo kila mtu wa kwetu anaielewa, na sisi tunawaandikia barua ya kuwafukuza.

Jambo moja zaidi kutoka Durban. Hukumu ilipotoka, msichana alikuwa amekwisha kuondoka kwenye masomo yale. Haki ilimfikia akiwa nje ya mlango. Tutalirudia jambo hili.

5. Kwetu sheria inasema nini

Nchi yetu ilikubali Mapatano ya Haki za Mtoto mwaka 1990, ikiitwa bado Zaïre. Sehemu ya 12 inasema mtoto mwenye uwezo wa kufikiri asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na mawazo yake yapewe uzito kulingana na umri wake. Sehemu ya 13 inampa haki ya kusema. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika sehemu ya 23, inampa kila mtu uhuru wa kusema mawazo yake, kwa mdomo, kwa maandishi na kwa picha, kwa kuheshimu sheria, utaratibu na mwenendo mzuri. Haikuandikwa "kila mtu isipokuwa mwanafunzi".

Kuna ugumu mmoja ambao ni wa kwetu kabisa. Sehemu kubwa ya masomo ya Leta yanaongozwa na makanisa. Leta iliyachukua mwaka 1974, ikayarudisha mikononi mwa makanisa kwa mapatano ya 1977, na toka hapo tuna masomo ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, ya Wakimbangu na ya Waislamu, ambayo yote ni masomo ya Leta. Kwa hiyo prefe mara nyingi ana wakubwa wawili, na kanuni ya nguo inachanganya amri ya Leta na desturi ya kanisa. Hatuoni ubaya katika hilo. Makanisa yaliwasomesha wengi wetu wakati Leta ilikuwa haiwezi kulipa hata chaki. Lakini masomo yanayopokea kila mtoto yajue kwamba kila mtoto anaingia na wazazi wake, na wafu wake, na imani yake. Katiba yenyewe, katika sehemu ya 45, inafungua masomo ya taifa kwa watu wote bila kubagua asili, dini wala mawazo ya politike.

Tena tusisahau bei iliyolipwa hapa kwa kuwafunga wanafunzi kinywa. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa, wakapigwa risasi. Mwaka 1971 wenzao walipotaka kuwakumbuka wafu wale, walitiwa jeshini kwa nguvu. Angalieni vizuri jambo hili: kosa la mwaka 1971 lilikuwa kuomboleza. Usiku wa Mei 1990 katika kampusi ya Lubumbashi, hatuna haja ya kueleza. Sisi tulio na umri huu tulikuwa asubuhi tukiimba na kucheza mbele ya bendera ya chama. Hatukuwa kimya siku zile, tulisemeshwa. Na mtu aliyesemeshwa muda mrefu, akiwa mkubwa, anasikia neno la hiari la mtoto kama tusi.

6. Je, mila inamwambia mtoto anyamaze?

Wazee wenzetu walitujibu: "Mambo ya korti tumesikia. Lakini kwa bankambo, mtoto hakuwa na neno mbele ya wakubwa." Hili ndilo neno ambalo sisi pia tulimtupia yule msichana, basi lazima tulipime.

Ni kweli kwamba katika barza kijana hasemi wa kwanza. Hasimami juu ya mzee, hamwonyeshi kidole, hamtaji kwa jina. Anaomba njia, anainamisha kichwa, anasema kidogo. Lakini namna ya kusema ni jambo moja, na kukosa neno ni jambo lingine. Kijana aliyeitwa kwenye barza sababu ya mbuzi aliyepotea, aliulizwa. Barza iliyomhukumu mtu bila kumsikia, hata akiwa kijana, ilijulikana kuwa mbovu, na watu waliikimbia. Na jioni, ni wazee walewale waliotuhadithia Kalulu, mnyama mdogo anayewashinda tembo na simba kwa neno lake. Kama walitaka watoto wasiojua kusema, walikosea hadithi.

Heshima si utumwa, Waswahili wanasema. Yule msichana alitimiza kila kitu ambacho mila inamdai. Alingoja aulizwe. Aliita "Tata". Alisema sentensi mbili, kwa sauti ya chini. Aliyevunja desturi pale ni sisi, tuliomuuliza neno kisha tukamkata.

Na alama yenyewe? Kwa kwetu, aliyefiwa anatambulikana kwa macho. Nywele zinanyolewa, kitambaa kinafungwa, mapambo yanawekwa kando. Hakuna anayemwambia mjane "toa hiyo, unatusumbua". Mwenye kilio ana haki ya kuonyesha kilio chake, na sisi wengine tuna kazi ya kukiona. Inawezekana kabisa kwamba kitambaa cha wale watoto kilikuwa pia na neno la kulaumu: mwalimu wetu amekufa juu ya mshahara. Prefe aliisikia lawama hiyo, ndiyo maana aliita politike. Lakini kilio cha bankambo nacho kilikuwa na lawama ndani. Wanawake walilia wakiuliza ni nani aliyemwacha mtu wao afe. Kilio kisichouliza kitu ni sherehe.

7. Tunachopendekeza

Baada ya kuzungumza mara tatu, hatukubaliani wote katika kila jambo. Mmoja wetu angali anaona kwamba watoto wangeomba ruhusa kwanza. Lakini tumekubaliana juu ya maswali matatu ambayo prefe na komite ya wazazi wajiulize kabla ya kumfukuza mwanafunzi sababu ya alama ao vazi.

La kwanza: inavuruga masomo kweli, ao inamwumiza mwanafunzi mwingine? Alama ya kumwita mwenzake mgeni katika mji wake, itolewe mara moja, bila majadiliano. Kitambaa cha kilio hakikumwumiza mtu, na hesabu ingeendelea kufundishwa siku ile, kama mwalimu wa hesabu angekuwapo.

La pili: kama alama ileile ingekuwa inatusifu sisi, tungeikataza? Kama jibu ni hapana, basi tunachokikataza si alama, ni mawazo.

La tatu: mtoto amesikilizwa mpaka mwisho? Hatusemi lazima akubaliwe. Tunasema asikilizwe kabla barua haijaandikwa.

Na kanuni ya nguo isomwe upya kila mwaka mbele ya wazazi na wajumbe wa wanafunzi, kwa kuzungumza pamoja, kama Korti ya Katiba ilivyoamuru kule Durban. Mtoto aliyekaa katika kikao cha kutunga kanuni atailinda kuliko yule aliyeikuta imebandikwa ukutani. Blu na nyeupe ibaki. Mwenye viatu vibovu apewe muda, ao komite imtafutie viatu.

Tulirudi kwa prefe. Alitupokea vizuri, akatukumbusha kwamba saini za chini ya barua zilikuwa zetu, na tukakubali. Baada ya kuzungumza, alirudisha alama za mwenendo za watatu. Wa nne, yule aliyetujibu, alikuwa amekwisha kuhama. Wazazi wake walimpeleka kwenye masomo mengine, mji mwingine, sababu waliona aibu. Hatukumkuta ili tumwambie neno. Kama Durban, haki ilifika akiwa nje ya mlango.

Kama kijitabu hiki kitamfikia, ajue kwamba watu wa komite wamelisikia jibu lake. Haikukuwa politike. Ilikuwa kilio. Na hata kama ingekuwa vyote viwili, tulipaswa kumwachia amalize kusema.